Mjomba, mbunifu au nyumba ya paneli? Jibu kwa dada mwenye kiwanja Igawilo

Swali: "Mhandisi, shikamoo. Mimi ni nesi, kazi yangu iko Dodoma ila kwetu ni Mbeya. Nina kiwanja Igawilo, mita 20 kwa 25, kiko kwenye mteremko. Nataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Mjomba wangu ni fundi wa siku nyingi na anasema ramani anayo kichwani, nimpe kazi tu. Mume wangu anataka tuanze na mbunifu majengo aliyesajiliwa, lakini bei ya michoro imenishtua. Halafu ipo kampuni ya Dar inayouza nyumba za paneli, inasema itanikabidhi funguo ndani ya siku 60, mradi nitangulize asilimia 70. Hela yangu inaingia kidogo kidogo. Nimchague nani?"

Marahaba dada yangu, na ndaga (asante) kwa kuuliza kabla hujachimba. Barua nyingi ninazopata zinatoka kwa watu ambao ukuta umeshapasuka, na hapo ninachobaki nacho ni pole na makadirio ya kubomoa.

Nikupe msimamo wangu mapema ili usome mengine ukijua ninakoelekea. Lipia michoro na makadirio. Kazi ya ufundi mpe mjomba, kwa hatua, kwa maandishi. Kisha tafuta mhandisi au fundi sanifu asiye ndugu yenu, afike saiti mara nne, kila mara kabla kitu hakijafukiwa. Paneli ziache kwanza. Sababu zake ni ndefu kidogo, na zinaanzia chini ya majani ya kiwanja chako.

Umenitajia watu watatu na bei zao, lakini katika barua yako nzima hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza habari za udongo. Igawilo iko kwenye njia ya kupandia Tukuyu, pembeni ya milima ya Uporoto, na ardhi ya upande huo imejengwa na volkano. Rungwe na Ngozi zimemwaga majivu na mawe mepesi huko nyuma, tabaka juu ya tabaka. Ukichimba utakutana na udongo mweusi mzuri wa kulimia viazi, chini yake majivu ya kijivu au ya kahawia, na penginepo changarawe nyepesi yenye vitundu ambayo ukiitupa kwenye ndoo ya maji inaelea. Kiangazi ardhi ya namna hiyo ukiipiga jembe inakuambia ni ngumu. Ikinyeshewa siku tatu mfululizo hupoteza nguvu, na maji yakipata pa kupita chini ya msingi yanaichimba taratibu bila mtu kuona.

Kwa hiyo kabla hujamlipa yeyote, chimbisha mashimo mawili, moja upande wa juu wa kiwanja na jingine upande wa chini, kila moja kina cha mita moja na nusu. Ni kazi ya vijana wawili kwa siku moja. Wapige picha kuta za shimo, futi kamba ikiwa imening'inia ndani ili tabaka zisomeke kwa sentimita. Picha hizo mbili ndizo mbunifu na mhandisi watazianzia. Usipokuwa nazo, hata mchoro mzuri utakuwa umechorwa kwa ajili ya kiwanja cha mtu mwingine.

Mteremko nao una hatari yake, na ndiyo inayoua nyumba nyingi za Mbeya. Fundi hukata upande wa juu na kusukumia udongo upande wa chini ili apate uwanja tambarare. Nyumba inakaa nusu kwenye ardhi ya asili, nusu kwenye kifusi. Mvua mbili tatu zikipita kifusi kinashuka, ardhi ya asili inabaki palepale, na ukuta unapasuka katikati, mara nyingi koridoni. Dawa yake inajulikana: msingi wote ushuke hadi kwenye ardhi ya asili, upangwe kwa ngazi kufuata mteremko, na kifusi cha ndani kishindiliwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, si kumwaga lori zima kisha kukanyagakanyaga juu. Upande wa juu wa nyumba uchimbwe mtaro wa kugeuza maji ya mlimani. Hayo yote yanagharimu kidogo yakiamuliwa kwenye karatasi. Yakigundulika baada ya plasta, yanagharimu nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo watu wetu hulisahau kwa sababu halitokei kila mwaka. Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la Rukwa lilifika ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Karibu zaidi na sisi, Desemba 2009, ardhi ilitikisika Karonga, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Malawi, na nyumba za matofali zisizofungwa vizuri ziliporomoka. Sikutishi. Ninachotaka ukishike ni kwamba lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha na milango na kuzunguka nyumba nzima, iliyofungwa vizuri kwenye kona, huku kwetu si pambo wala kitu cha kupunguza pale hela inapopungua.

Sasa tuje kwa hao watatu. Ukiwatazama vizuri utaona hawauzi kitu kimoja. Mbunifu anauza maamuzi, mjomba anauza mikono, na kampuni inauza muda. Ndiyo maana huwezi kuweka bei zao kwenye mstari mmoja ukasema huyu ghali, huyu rahisi.

Nianze na mbunifu, kwa kuwa bei yake ndiyo iliyokushtua. Muulize bei ile ina nini ndani. Kwa nyumba yako unahitaji michoro ya usanifu, michoro ya muundo inayofanywa na mhandisi (hapo ndipo ukubwa wa msingi na idadi ya nondo vinapoandikwa), na makadirio ya vifaa na gharama. Mara nyingi bei inayoshtua imebeba na usimamizi wa kazi yote hadi mwisho. Omba aitenganishe. Unaweza kuchukua michoro na makadirio, usimamizi ukaupanga kwa namna nitakayokueleza. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Omba namba yake ya usajili kisha uihakiki kwenye Bodi yenyewe, usitosheke na muhuri kwenye karatasi. Michoro hiyo ndiyo utakayoipeleka Halmashauri ya Jiji kuombea kibali cha ujenzi, na bila kibali unajua ile X nyekundu inavyochorwa ukutani.

Sharti langu kwa mbunifu ni moja: afike kiwanjani. Akikutumia ramani ndani ya siku mbili bila kukanyaga Igawilo, amekuuzia ramani ya simu, zile zinazozunguka WhatsApp. Nyingi zimechorwa kwa ajili ya joto la Pwani na viwanja tambarare. Nimeona nyumba Uyole yenye madirisha makubwa yote yanatazama kusini. Juni na Julai wenye nyumba wanahamia jikoni kuota moto. Mbunifu anayeijua Mbeya atakuambia kwamba miezi hiyo ya baridi jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo sebule na vyumba vya kulala vipate madirisha upande huo, na upande wa kusini na mashariki unakotoka upepo wa baridi upewe stoo, choo na madirisha madogo.

Kuna hili pia la paa la kuficha, ambalo limekuwa fasheni kila mahali: bati limelala karibu tambarare nyuma ya ukuta, kwa nje nyumba inaonekana kama boksi. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kiwanja chako kiko kwenye njia ya kuelekea huko. Mfereji mmoja uliofichwa nyuma ya ukuta ukizibwa na majani usiku wa Machi, maji hayana pa kwenda ila ndani. Chukua paa la mgongo lenye mwinamo wa kutosha, na vibaraza vya paa vitoke nje angalau sentimita 60 vikinge ukuta. Najua halipendezi kwenye picha kama lile jingine. Naomba uniamini kwa hili.

Kampuni ya paneli sitaisema vibaya, kwa sababu teknolojia yenyewe si mbaya. Zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza ni paneli ya povu jeupe lenye wavu wa chuma pande zote mbili, ambayo ikishasimamishwa inapigwa plasta nzito ya saruji ndani na nje. Ya pili ni povu lililobanwa katikati ya bati mbili. Zote zinatunza joto kuliko tofali, na kwa baridi ya Mbeya hiyo ni faida ya kweli. Ni nyepesi, na kwenye tetemeko uzito mdogo ni rehema, mradi ziwe zimefungwa vizuri kwenye msingi. Nimezitumia mwenyewe kwenye kambi za mradi wa barabara na zilinifaa.

Lakini soma tena karatasi waliyokupa. Nina hakika karibu kamili kwamba bei yao inaanzia juu ya jamvi, ile sakafu ya zege inayokaa juu ya msingi. Msingi ni wa mteja. Maana yake sehemu ngumu kuliko zote kwenye kiwanja chako, ile ya mteremko na majivu, bado ni yako na mjomba, na zile siku 60 zitaanza kuhesabiwa msingi ukishakuwa tayari. Paneli zitasafiri zaidi ya kilomita 800, zipande mlima wa Kitonga, zifike kwenye barabara yenu ya mtaa ambayo sijui lori refu litageukia wapi wakati wa tope. Baada ya miaka mitano ukitaka kuongeza chumba, au paneli moja ikiharibika, fundi wa Mwanjelwa hana ya kufanana nayo. Utairudia kampuni, kama bado ipo. Povu lenyewe likiwaka hutoa moshi wa sumu, kwa hiyo pasipokuwa na plasta kamili, hasa jikoni na sehemu nyaya za umeme zinapopita, kuna hatari. Na juu ya hayo yote, wewe hela yako inaingia kidogo kidogo, wao wanataka asilimia 70 kabla hujaona hata msumari. Mpango wao na mfuko wako havilingani.

Ningebadili msimamo kama kiwanja kingekuwa tambarare, hela yote ipo mkononi, mnalazimika kuhamia kabla ya tarehe fulani, na kampuni iko tayari kukupeleka kwenye nyumba yao iliyokwisha kunyeshewa misimu mitano Iringa, Njombe au hapa Mbeya, ukaongea na anayeishi humo wao wakiwa hawapo. Na malipo yafuate mzigo: paneli zikifika Igawilo zikahesabiwa, unalipa, zikisimama, unalipa. Wakikataa hilo, usibishane nao, ondoka.

Mkandarasi hukumtaja, nami nimpitie haraka. Anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba. Wa daraja la saba anaitosha nyumba yako kabisa, na kwa mtu aliye mbali ana uzuri wake: mkataba mmoja, mtu mmoja wa kumbana. Utalipia faida yake na gharama za ofisi yake, na naye atataka hela itiririke, isikatikekatike. Kwa mfuko wako, nadhani bado mapema.

Tunabaki na mjomba, na hapa ndipo nataka tukae.

Fundi mzuri wa miaka mingi ni mali. Anajua mchanga upi una udongo, anajua lori lipi linaleta kokoto pungufu, na jirani akivamia mpaka wako yeye ndiye atakayeona kwanza. Tena ni damu yako, hatalala akijua nyumba ya mpwa wake inanyeshewa. Lakini udugu huo ndio unaokufunga mdomo. Fundi wa mbali akikosea utamwambia bomoa. Mjomba akikosea utanyamaza, kisha utalalamika kwa mama, mama atampigia, na nyumba itageuka kesi ya ukoo.

Kabla ya yote, nenda ukaone kazi zake. Usiende kwenye nyumba anayojenga sasa, nenda kwenye aliyoimaliza miaka mitano iliyopita. Tazama kona za madirisha: ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye kona unasema habari za lenta au za msingi. Tazama plasta ya chini, sentimita 30 za mwanzo kutoka ardhini: ikiwa imevimba na rangi inabanduka, hakuweka karatasi ya kuzuia unyevu. Muulize mama mwenye nyumba choo kikoje wakati wa mvua. Kisha mwombe mjomba akuonyeshe anavyohakiki kona ya nyumba. Fundi anayejua atapima mita tatu upande huu, nne upande ule, na mshazari usome tano kamili. Anayeangalia kwa jicho tu, mheshimu kama mjomba ila kazi mpe mwingine.

Kuhusu ile ramani ya kichwani, nikusimulie. Mwaka 2014 niliitwa kuangalia nyumba moja hapa mjini, mwenyewe yuko mbali kikazi kama wewe. Nyumba inavutia, vigae vinang'aa, dari ya jipsamu. Lakini kwenye kona ya dirisha la jikoni ulianza ufa ukapanda hadi darini, na nilipoingiza sarafu ya shilingi 200 ilisimama humo. Niliomba nyundo na tindo nikaifungua lenta juu ya dirisha. Ndani nilikuta nondo mbili za milimita 12 zimekutana ncha kwa ncha, zimeshikwa na waya mwembamba wa kufungia. Zilitakiwa kupishana sentimita 60. Zege la pale lilikuwa na matundu, nikaingiza kidole cha shahada hadi kiungo cha pili. Fundi aliyeijenga alikuwepo, mtu mzima, amesimama pembeni ameshika kofia yake. Hakuwa mwizi. Nondo zilipungua, mwenye nyumba hakupokea simu, zege lilikuwa limeshachanganywa na wingu limekaa juu ya mlima Loleza. Akaunganisha alichokuwa nacho. Tangu nondo zifungwe hadi zege limwagwe palikuwa na nusu siku tu, na katika nusu siku hiyo hakuwepo mtu mwingine wa kutazama.

Hiyo nusu siku ndiyo nataka uinunue. Ukweli wa nyumba umefukiwa: uko chini ya zege, chini ya jamvi, ndani ya lenta, juu ya dari. Ukiwa Dodoma huwezi kumlipa mtu akae saiti miezi sita, na huhitaji. Unahitaji macho ya mtu anayejua, siku nne tu.

Siku ya kwanza ni mtaro wa msingi ukiwa wazi, kabla ya zege. Anatazama kama umefika ardhi ya asili pande zote, hasa upande wa chini wa mteremko, na kama upana ni ule wa kwenye mchoro. Siku ya pili ni kabla jamvi halijamwagwa: kifusi kimeshindiliwa, karatasi imetandikwa bila matundu, mkeka wa nondo umeinuliwa na vitofali vidogo badala ya kulala chini, na mabomba ya maji taka yana mwinamo. Bomba lililokosewa hapo utakuja kulivunjia vigae. Siku ya tatu ni lenta, na hiyo usiikose hata kama utakosa nyingine zote. Nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vyembamba vya kuzifunga pamoja) kila sentimita 20 au kadiri mchoro unavyosema, kwenye kona nondo zikunjwe ziingie ukuta wa pili badala ya kuishia njiani, na maungio yapishane zile sentimita 60. Zege lichanganywe kwa vipimo: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji kiasi cha lita 25 hadi 30 kwa mfuko wa kilo 50. Vijana hupenda kuongeza maji ili zege liteleze kwenye koleo. Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu, na hakuna kumwagilia kwa baadaye kutakakoirudisha.

Siku ya nne ni kenchi, yaani mbao za kubeba paa, kabla bati halijapanda. Mbao zetu nyingi ni paini ya Mufindi, kutoka Sao Hill na mashamba ya watu Mafinga. Ni mbao nzuri zikiwa zimekauka na zimetiwa dawa ya kweli. Wapo wanaozipaka rangi ya kijani kwa brashi na kuziita za dawa. Akate ncha ya mbao moja kwa msumeno: dawa ya kweli imeingia ndani ya nyama ya mbao, ya uongo imeishia kwenye ngozi.

Malipo yafuate siku hizo. Andikishaneni mkataba wa kurasa mbili mbele ya mwenyekiti wa mtaa, michoro ikiwa kiambatisho, hela ya ufundi imegawanywa kwa hatua, na kila hatua ilipwe baada ya yule mhandisi kuandika kwamba ameona na ameridhika. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako hadi msimu mmoja kamili wa mvua upite juu ya nyumba. Vifaa nunua wewe, ukilipa duka moja kwa moja kufuata makadirio, na mjomba asaini kila anachopokea. Hii inamlinda na yeye pia. Siku saruji ikikosekana hakuna wa kumnyooshea kidole.

Maneno ya kumwambia mjomba ni kazi yenyewe, dada, usiyafanye kwa simu. Panda basi uende. Kaa naye, kunywa chai yake, kisha mwambie: "Mjomba, nyumba ni mkono wako. Mimi niko Dodoma, huyu mhandisi ni macho yangu tu. Akisema kitu kirekebishwe, amenisemea mimi." Siku ya kumtambulisha mhandisi nayo uwepo, na umwombe mhandisi aanze kwa kumuuliza mjomba maswali, si kwa kutoa amri. Nimeona wazee wenye miaka 30 ya kazi wakipokea marekebisho vizuri kabisa kwa sababu waliulizwa kwanza. Akikataa katakata kuangaliwa, hapo amekujibu swali lako mwenyewe, na ni bora ajibu kabla ya mtaro.

Kuhusu hela kuingia kidogo kidogo, kalenda yetu inakusaidia ukiifuata. Mvua huku ni Novemba hadi Aprili, na upande wa Tukuyu huvuta hadi Mei. Tumia miezi ya mvua kwa michoro, kibali na kuweka akiba. Chimba Juni ardhi ikiwa imekauka. Zege la miezi hiyo hukomaa polepole kwa sababu ya baridi, tena upepo mkavu wa mchana hulikausha juu, kwa hiyo lifunikwe na magunia yaliyoloa na limwagiliwe siku saba bila kuruka.

Nyumba ya Mbeya ina vituo viwili salama tu vya kupumzikia hela ikikata: jamvi likishamwagwa na kando zake kufukiwa, au bati likishakuwa juu. Kama ifikapo Agosti makadirio yanaonyesha huwezi kufika kwenye bati kabla ya katikati ya Novemba, simama kwenye jamvi, rudi mwaka ujao. Usiinue kuta ukaziacha usawa wa madirisha zinyeshewe miezi mitano, hasa kama ni tofali za kuchoma. Na kwa kuwa utaulizwa: tofali ya kuchoma ya kweli ukiigonga na mwenzake inalia kama chungu kizima, na ikilala kwenye ndoo ya maji usiku kucha inaamka ikiwa nzima. Bloku nazo, mtu akikuambia mfuko mmoja wa saruji unatoa 50 za inchi 6, hizo ni mchanga.

Kazi ya mwezi huu ni mashimo mawili tu. Mjomba ndiye ayachimbishe, umlipe kwa siku hiyo, na aandike kwa mkono wake alichokiona kwenye kila tabaka. Futi kamba ionekane kwenye picha, na kila shimo lipigwe mara mbili: likiwa kavu, kisha asubuhi baada ya kumwagiwa madebe matatu ya maji jioni. Akimaliza ayafukie, maana Igawilo watoto hupita kwenye viwanja wakienda shule.